Batani ya Kusimamisha

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Batani ya chini ya saa imeanza tena. Ukiifinya inazama, halafu inachukua muda wake kurudi. Zingine ziko sawa. Ni hii tu – ya kusimamisha mbio na kuihifadhi. Nilipewa saa hii ya kupimia mbio na mgeni niliyembebea mzigo mlimani, na yeye alikuwa ameitumia miaka. Rangi imeisha, imebaki chuma. Cha bure hakina dhamana.

Jumatano, 10 Septemba

Kochi Wamae amepiga simu kutoka Nanyuki. Kambini kwake, ya wakimbiaji, imebaki nafasi moja. Ni mimi au msichana fulani wa Timau. Tukimbie Jumamosi, kila mtu kwao, tumtumie rekodi ya mbio kutoka kwa saa kabla ya jioni. Maneno ya mdomo hataki. Nikikosa, narudi kubeba mizigo ya wageni. Magoti yangu yanaijua hiyo kazi.

Ijumaa, 12 Septemba

Ni Mama! Aliniona nikihangaika na batani, akaipaka mafuta ya kukamulia nikiwa naoga. Kwetu hayo ni dawa ya kila kitu – chuchu za ng'ombe, visigino, bawaba za mlango. Asubuhi batani ilikuwa laini ajabu, hata nikafurahi. Kisha nikakimbia ile barabara ya vumbi. Vumbi likashika mafuta. Nimesugua na mswaki na maji ya vuguvugu, sasa inafanya kazi ikitaka.

Nilimwambia asiguse vitu vyangu. Akachukua panga, akaenda kukatia ng'ombe nyasi ya nepia. Bado nimekasirika.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimekimbia. Sijawahi kukimbia hivyo! Kile kilima cha kanisa, mahali huwa natembea, leo sikutembea. Nikafika kwa geti, nikafinya.

Ikazama. Haijarudi.

Saa bado inahesabu. Ati nakimbia, na mimi nimekaa jikoni nakula viazi. Isiposimamishwa haihifadhi, na isipohifadhi hakuna cha kutuma. Betri inaelekea kuisha, na stima imepotea tangu asubuhi. Fundi wa simu pale Naro Moru amesema nimwachie, ataifungua Jumatatu. Jumatatu! Msichana wa Timau pengine ashatuma.

Mama ameingia na ndoo ya maziwa. Ameangalia saa, ameniangalia mimi. Hajasema pole. Ametoa sindano kwa kopo la nyuzi.

"Leta mkono," amesema. "Ni mimi niliziba."

Macho yake si mazuri siku hizi. Uzi hunipa mimi nimtungie. Sindano ikiteleza akiichokoa, batani itatumbukia ndani kabisa, na hapo kwisha. Nimefikiria kukataa. Nimefikiria pia vile alichukua panga jana akaenda zake.

Nimempa mkono wa kushoto. Naandika na wa kulia ndio nisiangalie. Hapumui. Anasema niache kuandika, natingisha meza