Kuwaimbia Nisiowaona

Wambui wangu,

Baridi ya huko imepungua? Hapa Kiganjo tuko sawa, na babu yako, Guka, anakusalimu.

Umeniuliza kama niliogopa siku ile nilipozungumza mtandaoni na mashabiki kuhusu kitabu cha maisha yangu, wakaniomba wimbo.

Niliogopa, mjukuu wangu. Ukumbini ninapoimba huwa nawaona watu; kwenye simu sikumwona hata mmoja.

Nikiwa mdogo tukichuma kahawa Ruiru, miti ilinizidi kimo. Mama yangu aliniambia, “Imba, nijue uko wapi.” Nikaimba, naye akaitikia kutoka mstari wa mbali. Hivyo ndivyo nilivyoanza.

Siku ile mtandaoni niliimba, simu ikawa kimya. Nikakaribia kunyamaza. Ndipo ukaandika, “Cucu, niko hapa.”

Nikawa kama namsikia mama yangu akiitikia tena kutoka mstari wa mbali.

Bibi yako, Cucu