Mkate wa Marehemu

Turlock, California

Duarte mwanangu,

Mama yako anakusalimu. Yule ng'ombe mkorofi amezaa, na mvua imetunyima tena. Sisi wazima, hata mimi, kama unataka kujua.

Tumerudi salama kutoka kwenye sherehe ya wazazi chuoni kwenu. Chuo kizuri, sikatai, ila sijapata kuona watu wanaojisifu kwa wingi wa waombaji waliowafungia mlango. Chuo chako cha kwanza, hiki cha hapa mjini kinachopokea kila mtu, walimu waliniita kwa jina. Huko kwenu, yule bibi anayechagua wanafunzi wanaohamia kutoka vyuo vingine alimshika mama yako mikono, machozi yakimlengalenga.

"Pole sana kwa kufiwa na mumeo. Insha aliyoombea nafasi Duarte ililiza ofisi nzima."

Mimi nimesimama ubavuni, nimebeba mkate mtamu aliokuokea mama yako.

"Na huyu baba ni nani?"

Ukawahi kujibu: "Mjomba wangu."

Mama yako alifungua mdomo, nikamkanyaga mguu. Nikampa bibi mkono, nikasema, "Marehemu shemeji alikuwa mchapakazi kwelikweli."

Kumbe ndivyo mnavyoingia huko, nyie wenye akili? Mlango gani huo, ufunguo wake maiti ya baba?

Niandikie jambo moja tu, tusije tukapishana maneno wakiuliza tena: nilikufa kwa ugonjwa gani? Kama uliandika moyo, basi hapo hukudanganya.

Mjomba wako,
Adelino