Ukuta wa Mawe Meupe

Jumatatu, 3 Machi

Wifi yangu mpenzi,

Sasa hivi mtoto wetu amechora jua kwenye ukuta wa chumba chetu kipya. Hakutumia mkaa wala msumari. Ametumia ukucha, wifi! Ukucha wa mtoto wa miaka mitatu! Nikacheka, halafu nikajaribu wangu, nao ukaacha alama.

Shikamoo lakini. Mgongo umepoa? Na mdogo wako, baba mtoto, anakula vizuri huko machimboni kwako? Mwambie mwanawe anamwita kila lori likipita.

Mawe uliyotuletea ni meupe, yanapendeza, ila nina wasiwasi. Fundi ameniambia jiwe la chokaa halikwaruzwi na ukucha, na ukilidondoshea ndimu linatoa povu. La jirani limetoa. Letu limenyamaza kama mkwe ugenini. Fundi anasema hili ni jasi, na jasi haishindani na maji. Ukuta umeshafika madirishani, na mtoto atalala upande uleule. Tafadhali tubadilishie kabla ya mvua.

Wifi yako,
mama mtoto

Jumatatu, 10 Machi

Mke wa mdogo wangu,

Salamu zimefika. Mgongo ni wangu, niachie mwenyewe.

Nimechimba mawe tangu wewe hujajua kufunga kamba za viatu, leo unanipima kwa ndimu! Na jiwe la mchanga je, linatoa povu? Halitoi hata ulimwagie ndoo nzima, na madaraja yamesimama juu yake. Ndimu tia kwenye mchuzi. Sisi tunavunja jiwe, tukikuta ni jeupe ndani, ni chokaa. Ndivyo alivyotufundisha marehemu baba, na hakuna nyumba yake iliyoanguka.

Sema tu hutaki chumba kilichotoka mkononi mwangu. Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakukuona wewe. Umekuja, tunaugua.

Shangazi wa mtoto

Jumatatu, 24 Machi

Shikamoo wifi, hata kama hutaitikia.

Huku tuko salama, tunakuombea afya. Kuhusu jiwe la mchanga umesema kweli, sikujua. Nimemuuliza fundi, akasema chembe zake ni ngumu, zinakwaruza kioo. Basi nikatafuta kipande cha kioo, nikakisugua kwa jiwe letu. Kioo kikabaki kizima, jiwe likaacha unga. Nikaweka kipande kingine chini ya bomba letu linalovuja. Sasa kina kishimo cha kuingia ncha ya kidole.

Si la kukuaibisha, wifi. Labda mmefika tabaka jipya na weupe ni uleule, nani angejua? Tena sikiliza. Kipande kingine nilikichoma motoni, nikakitwanga, nikautia unga wake maji. Uliganda bakulini mpaka nikavunja bakuli! Jiwe hili si baya, limewekwa pabaya tu. Kulainishia kuta za ndani na dari, watu watakugombania. Liuze hivyo. Ila nje, kwenye mvua, hapana.

Baba mtoto mbona kimya? Barua zangu anazipata?

Wifi yako,
mama mtoto

Jumatano, 2 Aprili

Wewe,

Salamu sina. Nimesikia unataka kubomoa. Likishuka jiwe moja, usinijue.

Barua zako anazipata, anazisoma, ananyamaza. Kimya chake ndicho jibu. Alikuwa mdogo wangu kabla hajawa mume wako, na nimemwambia achague. Ubomoe, halafu tuone mtoto utamlaza wapi. Kwenye bakuli lako la unga?

Mwenye machimbo

Jumatano, 9 Aprili

Shikamoo wifi,

Mimi mzima. Mtoto ana mafua kidogo, lakini anacheza. Wewe je?

Jana nimeanza kubomoa. Nilianza peke yangu kwa nyundo ya fundi, huku nalia, maana niliona kama ndoa nayo naibomoa. Leo mchana nikashtuka mtu amenishika mkono kwa nyuma. Mdogo wako! Hata salamu hakutoa. "Mke wangu," akasema, "mbona nyundo unaishika kama mwiko?" Akavua shati.

Nikamuuliza, "Na dada?"

Akasema, "Dada ni dada. Chumba ni cha mwanangu."

Amekuja na vitu vyake vyote. Simfichi, wifi, ujue yuko hapa, na ujue sikumwita. Mawe yako tumeyapanga chini ya turubai, halijatupwa hata moja. Njoo uyachukue, ututukane ukipenda, chai itakuwa tayari. Mtoto ananiuliza shangazi yake anafananaje, nami nashindwa kumjibu neno baya, kwa sababu sura yako ndiyo ya baba yake.

Mimi sina kinyongo. Nilitaka kukwambia kwamba chumba hiki kikisimama kwa mawe mengine, wa kwanza kulala humo, kabla hata ya sisi, nataka uwe wewe, ngoja, mdogo wako ananiita nikamshikie ngazi, anasema jiwe la kona limelegea.