Mbuzi wa Mama Kwenye Kitambaa

Mtaa wa Chechelesi,
Isiolo.
14 Juni 2025

Mpendwa kaka Esekon,

Habari za huko Doha? Natumaini joto halijakumaliza na mgongo wako umepata nafuu. Sisi tu wazima. Vumbi ni lile lile, na mwanangu Sharon amerefuka hadi anavaa viatu vyangu bila kuniuliza. Barua hii anakuletea Nasteha, binti wa jirani yetu Khadra, anayerudi kazini huko. Ningekupigia simu kama kawaida, ila Mama amekataa, na sababu utaiona.

Uliniuliza kama Mama anasahau sana na kama nimpeleke kwa daktari. Tangu ukame umalize mbuzi na nimtoe Ngaremara kuja kukaa nami mjini, alikuwa akishinda mlangoni, mikono mapajani, hasemi. Jioni anauliza kama mbuzi wamerudi. Sharon naye Mama anamwita kwa jina langu. Nimelia mara nyingi, Esekon, na sikukuambia.

Sasa nikupe habari za sindano. Khadra alinifundisha kudarizi kwa mshono wa msalaba, kama vile vitambaa vya kuwekelea viti. Unapitisha uzi mshazari kwenye kitambaa cha vishimo, unaurudisha ukipita juu ya ule wa kwanza, unahesabu na kuendelea. Usinicheke. Nikitoka kazini kichwa kimejaa kelele, nikishona misalaba mia moja tu, moyo unatulia kabisa. Nimemaliza viti vyote vya nyumba hii na sasa nawavamia majirani.

Siku moja nilimpa Mama kitambaa na mchoro wa waridi. Akautazama, kisha akauliza, "Hii maua inakuliwa na nani?" Mchoro akanirudishia, kitambaa akabaki nacho.

Kaka, sijui nikueleze vipi. Mama, ambaye hajawahi kushika kalamu, alianza kushona mbuzi. Alihesabu vishimo kwa kidole kama alivyokuwa akihesabu shanga. Mweusi mwenye kiuno cheupe. Mwekundu mwenye doa kwenye paji. Yule wa kahawia wa pembe moja aliyekuwa akikufukuza. Akimaliza mmoja anataja mama yake mbuzi huyo, na nyanya yake. Wamefika arobaini na mmoja. Niliitazama ile mikono nikaogopa, hofu ile ya mtu aliyeingia kanisani.

Halafu nikafanya kosa. Niliona kila mbuzi ana pengo kwenye sikio, nikadhani macho ya Mama yanakosa hesabu. Alipolala mchana nikajaza pengo la mmoja, kwa uzi wa rangi ile ile, nikijiona nimemsaidia. Alipoamka alipapasa kitambaa mpaka akafika pale.

"Hii si yetu tena," akasema. "Umepatia watu mbuzi."

Ilikuwa alama, Esekon. Alama ya boma letu, ile Baba aliyokuwa akikata kwenye sikio la kila mwanambuzi huku mimi nikimshikia miguu. Nilichunga mbuzi hao miaka tisa, na ni mimi niliyesahau. Niliona aibu. Alinifanya nifumue kila uzi mbele yake.

Bado anamwita Sharon kwa jina langu, na kwa daktari tutaenda. Lakini jioni haulizi tena mbuzi wako wapi.

Ndani ya bahasha utakuta kitambaa kidogo, uzi na sindano, angalia isikuchome. Mbuzi aliye hapo ni yule mweupe aliyekupa Baba ukiwa mdogo. Mama hakumshona masikio. Amenikataza kukuandikia ni sikio lipi linalokatwa wala linakatwa vipi, na simu ameizuia kwa sababu anajua ungeniuliza. Mshone masikio mwenyewe, umpe Nasteha atakaporudi Desemba.

Msalimie Marete mnayekaa naye chumba kimoja. Sharon anakusalimu sana, na Khadra pia. Mungu akushike mkono kila unapotoka na kila unaporudi.

Mama hajatuma salamu. Anasema atakusalimu akishaona sikio.

Dada yako akupendaye,
Alice