Springi ya Baiskeli ya Tupokigwe

Talatala, 6 Mei 2024

Baba, ugonile.

Natumaini hamjambo hapo Bondeni, na kifua cha Mama kimetulia. Huku tu wazima, mvua tu ndiyo haijatuachia. Naandika kwa sababu simu zangu hupokei tangu nilipoolewa na Leonce. Zabroni, anayeleta mpunga mashineni, kasema atakufikishia.

Ile baiskeli ya milimani uliyonipa inasumbua. Kila pedali inapokanyagwa, nyuma inabonyea na kuinuka, kama kitanda kibovu. Nguvu inaishia kwenye shokapu, kwenye tairi haifiki. Nifanyeje?

Mwanao,
Tupokigwe

Bondeni, 9 Mei 2024

Mwanangu,

Ndaga, asante kwa salamu. Kifua cha mama yako kimepona, mimi nina mgongo tu.

Simu sipokei na sababu unaijua. Nilianza na pampu moja na spana mbili, leo karakana yangu ina mafundi watatu. Halafu mtu anamwoa binti yangu bomani, nami naambiwa siku ya tatu, tena na mteja aliyeleta pancha. Huyo Leonce hakanyagi kwangu. Hilo tuliache.

Baiskeli niliiweka sawa mwenyewe. Zahanati walikupima kilo 58. Nikafunga mchele wa kilo 58 juu ya siti, shokapu ikashuka milimita 12, ambayo ni robo ya mwendo wake. Ikishuka zaidi ya hapo, lazima ibembee. Sasa pima kutoka bolti ya juu ya shokapu hadi ya chini, baiskeli ikiwa tupu. Kisha ukae juu, miguu kwenye pedali, bila kukanyaga. Mtu mwingine apime tena. Niletee namba, maelezo sitaki.

Baba yako

Talatala, 14 Mei 2024

Baba, ugonile. Pole na mgongo. Sisi tunaendelea vizuri.

Ikiwa tupu, 190. Ikiwa imekaliwa, 173. Maelezo sijaweka.

Mwanao,
Tupokigwe

Bondeni, 15 Mei 2024

Mwanangu,

Hatujambo.

190 toa 173 ni 17. Kama kilo 58 zinashusha 12, basi 17 ni kilo 82. Ungekuwa umeongezeka kilo 24 mama yako angepiga vigelegele, ila Zabroni anasema uko vilevile, kama ufito. Nani anapanda baiskeli yangu?

Baba yako

Talatala, 2 Juni 2024

Baba, ugonile. Natumaini mgongo una nafuu.

Nimekawia kwa sababu Leonce hakutaka nijibu. Ni yeye. Unajua ni bwana shamba huku. Pikipiki ya ofisi imekufa tangu Februari na watu wa kakao wanamngoja. Mimi shuleni kufundisha naenda kwa miguu. Anatoka alfajiri na mabuti yake, anarudi mapaja yanatetemeka. Nilimwambia akuandikie mwenyewe. Akasema, "Nimwandikie nini mzee niliyemkosea? Akijua ni mimi ataitaka baiskeli yake, na wewe ndiye utakayekosa."

Ukiitaka, Zabroni ataibeba. Ila sikutaka kukudanganya zaidi.

Mwanao,
Tupokigwe

Bondeni, 4 Juni 2024

Mwanangu,

Salamu zimefika. Mama yako kasomewa barua mara mbili, ya pili kaiomba mwenyewe.

Baiskeli ibaki huko. Mtu wa kilo 82 juu ya springi ya kilo 58, anazunguka Talatala nzima kwenye tope na hathubutu kuniuliza! Nimecheka, halafu nikakasirika kwamba nimecheka. Hasira ya bomani bado ninayo. Nakadiria imebaki nusu.

Kukaza ringi ya springi hakutamfaa sana. Anataka springi ngumu zaidi, mara moja na nusu hivi kuliko hiyo. Ninayo moja, niliitoa kwenye baiskeli mbovu ya Kasumulu. Kwa sasa aache kusimama kwenye pedali. Akae, achague gia nyepesi, azungushe miguu mfululizo badala ya kushindilia chini kama anaua nyoka. Akifanya hivyo tu, kubembea kutapungua.

Springi siitumi. Inapimwa mwenyewe akiwa amekaa juu. Jumamosi saa nne aje, nawe uje naye. Ila asipitie karakanani, huko wanapita wateja. Apitie mlango wa nyumbani. Mama yako atafungua, mimi nitakuwa nimekaa ndani.

Baba yako