Mkate Nilioung'ata Mwenyewe

Oyniso, acha unachofanya usome.

Odil wangu kanimaliza mbele ya wageni. Si unaukumbuka ule mkate aliong'ata siku anaondoka kwenda Korea, nikautundika ukutani miaka sita ili akirudi aumalize? Leo nimeutungua, nimeufuta vumbi, nikampa. Akasema, "Subiri kwanza, Mama."

Akaanza kulinganisha! Eti kule sakafu yenyewe ina joto msimu mzima wa baridi, na sisi hapa Margilan gesi ikikatika tunalala na makoti. Kule mshahara unatosha na kubaki. Kule daktari yuko ng'ambo ya barabara.

Nikamuuliza, "Na jirani yako wa mlango wa pili anaitwa nani?"

Miaka sita, Oyniso! Hamjui jirani yake!

"Simjui, Mama, lakini halali na koti," akasema. Halafu akachukua mkate mpya, bado wa moto, akanisogezea mdomoni. "Sasa ng'ata wewe. Tunaondoka Ijumaa. Nyumba imeshapata mnunuzi."

Ng'ata wewe! Mimi! Wageni wote macho kwangu, na mwanangu machozi yanamlengalenga. Ningesema nini?

Nimeng'ata, Oyniso. Kwa meno yangu haya manne.

Sasa nimeupakata mkate kama mtoto mchanga. Inabidi utundikwe mahali nitakaporudi, na ukuta wangu ndio huo umeuzwa.

Hapo kwako kuna msumari?