Nimesogeza Fundo Lako, Mwalimu

Mwalimu Owor,

Kabla hujauliza: ndiyo, ni mimi. Mimi ndiye niliyesogeza fundo la tiara yako, na barua hii siiandiki kuomba msamaha. Kwa Mungu nimeomba msamaha wa mambo mengi mwaka huu, hili sikulitaja. Unajua niliishia darasa la saba, kwa hiyo weka chini hiyo kalamu nyekundu, usome mpaka mwisho.

Ulipofariki, tiara ilikuwa kwangu. Watu walidhani umeificha nyumbani kwako Molo, upande wa Tororo, kumbe ilikuwa imelala kwenye meza ya cherehani yangu hapa Busia, bawa la kushoto limechanika. Uliileta Jumatatu ukikohoa. Ukasema, "Fundi, Ijumaa nakuja chukua." Ijumaa tukakuzika. Nilirudi na udongo wa Molo kwenye viatu, nikaketi, nikaweka kiraka. Nilitumia kitambaa cha mwavuli mweusi. Rangi nyingine siku hiyo sikuweza kuishika.

Mara ya kwanza ulipoileta nilidhani ni hema, unakumbuka? Ukanieleza kwamba mgeni aliyefundisha shuleni kwenu alikuachia aliporudi kwao. Nyuzi mbili, mkono huu mmoja na mkono huu mmoja. Ukivuta kulia inageuka kulia, ukivuta kushoto inageuka kushoto. Nilicheka. Mwanaume mzima, mwalimu mzima, na tiara! Wiki iliyofuata nilikuwa uwanjani Molo, gauni langu la gomesi nimelipandisha magotini, vishikio mkononi, na sijaviachia mpaka leo.

Ulikuwa mtu wa mraba. Ulisimama katikati ya uwanja, miguu haiondoki, kofia yako ya kijivu imeshuka mpaka kwenye nyusi, ukachora angani mraba ulionyooka kama wa daftari la hesabu. Tiara inapanda, inakata kona, tak! Inakwenda kando, tak! Inashuka, tak! Watu waliacha majembe kutazama. "Kona ni kona, Fundi. Kona ya mviringo ni uvivu." Na upepo usipokuwepo ulikaa kwenye lile jiwe, ukatazama moshi wa kiwanda cha saruji kule Tororo, ukasema lazima tungoje saa tisa, upepo wa ziwa ufike. Gunia zima la karanga tumelimaliza pale, tukingoja.

Mimi kona zilinikataa. Tiara ikiwa mikononi mwangu, ikifika pembeni ilizunguka kama mgeni anayeaga: anageuka, anarudi, amesahau jambo, anageuka tena. Na nilipenda hivyo. Nilipenda kulegeza nyuzi, tiara ilale chali hewani, ishuke taratibu, halafu nirudi nyuma hatua tatu niiamshe kabla haijagusa majani. Wewe ulifumba macho. "Fundi! Unarusha ama unapepeta?" Etyang, muuza spea za pikipiki, mwenzetu wa tatu, akalidaka palepale. Tangu hapo nikawa Mama Pepeta mpaka sokoni.

Lakini nikukumbushe ile harusi ya Lumino. Wanawake uwanja mzima wamevaa gomesi, na wewe, soda mkononi, ukanyoosha kidole: "Ile ya kijani umeshona wewe." Nikakuuliza umejuaje. Cherehani zetu ni za aina moja, uzi tunanunua duka moja. Ukasema, "Kila fundi ana mkono wake. Wako naujua." Ulisema kwa mdomo wako, Mwalimu. Sasa ilikuwaje mkono wangu uruhusiwe kwenye kitambaa na ukatazwe kwenye upepo? Swali hili nilikaa nalo miaka, nikalimeza kwa heshima. Leo simezi.

Baada ya mazishi nilikwenda Buteba kwa mama yangu kuvuna wimbi. Tiara nikaibeba, kwa sababu kuiacha peke yake kwenye chumba cha cherehani niliona vibaya. Asubuhi tukawa tunapepeta. Unajua wanawake tunavyofanya: unainua ungo, unapiga mluzi mdogo, unangoja upepo ambao hata jani la ndizi haulitikisi, ndipo unamwaga. Ukiwa na haraka, makapi yanakurudia usoni. Nimefanya hivyo tangu meno ya utoto. Basi asubuhi moja nikasimama, ungo uko juu, nikasema: aa! Upepo huu ninaujua. Huu ndio Mwalimu anauita "hakuna upepo".

Nikaleta tiara. Ikaanguka kama kuku aliyefungwa miguu. Mara tano. Nikazitazama zile kamba fupi za kifuani, pale uzi mkubwa unapofungiwa. Fundo lako lilikuwa palepale, juu ya alama ya wino wa buluu uliyotukataza hata kuitazama sana. Nikafanya ishara ya msalaba. Nikalisogeza kuelekea pua ya tiara, upana wa punje ya mchele. Ikajaribu kusimama. Nikaongeza punje nyingine. Nikapiga mluzi, nikarudi nyuma, nikarudi nyuma, na Mwalimu... ikapanda. Polepole, kama mgonjwa anayeketi kitandani kwa mara ya kwanza. Nikaita jina lako kwa sauti. Mama akatoka jikoni kuuliza ni nani amekuja.

Tangu siku ile kila asubuhi nilikuwa shambani nikirudi kinyumenyume. Nikiishiwa na nafasi, naigeuza tiara, nailegeza, naifuata mbele inapoteleza, kisha naanza tena. Miguu ndiyo upepo wangu. Mama Perepetua wa kanisani kwetu aliniona akipita, akasimama na jembe lake begani. "Mkristo gani anatembea kinyume kama mchawi?" Nikamjibu, "Mchawi gani anaroga saa mbili asubuhi na rozari shingoni?" Akaenda zake, lakini aligeuka kutazama mara nne. Nilihesabu.

Kisha ikaja habari ya lumbe yako, ile siku ya kuondoa matanga na kumvika mrithi. Kaka yako Mzee Ochwo alituita mimi na Etyang. Akasema atakayechora miraba mitatu ya marehemu, vilevile alivyochora, huyo atavishwa kofia, atachukua tiara, na atafundisha kwenye uwanja wa Molo. Akaniangalia mimi. Nilikuwa nimekaa na wewe zaidi kuliko Etyang.

Nilikuwa na wiki mbili. Ningeweza kurudisha fundo kwenye wino wako nikafanya mazoezi ya kona mpaka mabega yakatike. Na uwanja ule niliutaka, usidhani sikuutaka. Ndipo nilipoijua furaha, pale. Nilipiga magoti nikaanza kusali, Bwana, nifanye kama Mwalimu. Sala ikanikwama. Mungu hakunipa mkono huu ili nimrudishie kama zawadi ambayo haijafunguliwa.

Siku yenyewe, uwanjani kando ya nyumba yako, jua lilikuwa kali na moshi wa saruji umesimama wima kama mshumaa. Nikamkabidhi Mzee Ochwo tiara. Akaigeuza, akaona wino uko wazi. "Nani amegusa fundo la marehemu?"

Nikasema, "Mimi."

"Kabla ya lumbe?"

"Kabla ya lumbe."

Shangazi zako wakafyonya wote kwa pamoja. Fundo likarudishwa kwenye wino, Etyang akapewa vishikio. Maskini Etyang, ameiga mpaka unavyosimama, mpaka shingo. Lakini hakukuwa na upepo. Tiara ikapanda urefu wa mtu, pu! Mara ya pili, pu! Ya tatu akatua vishikio chini. "Mzee, hii tiara nataka upepo, na upepo nangoja ruhusa ya ziwa." Watu wakacheka, wakaanza kutafuta vivuli. Tungoje saa tisa. Hata ukiwa kaburini unatungojesha, Mwalimu!

Mimi sikuketi. Nilivua viatu. Nikaenda mbele ya kaka yako na shangazi zako wote, nikalegeza fundo lako na kulisogeza punje mbili juu, polepole, ili kila mwenye macho aone. Hakuna aliyenizuia, nadhani kwa mshangao. Nikapiga mluzi. Nikaanza kurudi nyuma.

Nilirudi mpaka magoli ya upande wa barabara. Nyuma yangu akina mama wakawa wanasogeza masufuria. Etyang akapaza sauti, "Mama Pepeta, wewe nafukuza upepo ama upepo nafukuza wewe?" Pumzi zangu zote zilikuwa miguuni. Ilipofika juu niliilegeza, ikalala chali juu ya ua wa nyumba yako, bawa moja lina kiraka cheusi, ikateleza kimya mpaka shangazi zako wakainama, nikairudisha juu. Nikaizungusha pembeni kwa mviringo. Tena. Tena. Kona hata moja sikukupa. Ningeweza moja, mkono ulijua, na machozi yalikuwa yananishawishi. Nikakataa. Nilikuwa nalia na nimekataa.

Saa tisa upepo ukaja, kama kawaida yako. Etyang akachora miraba mitatu. Tak, tak, tak. Niseme ukweli, ilikuwa kama uko hapo. Mzee Ochwo akamvika kofia, akampa tiara na uwanja. Ni haki; hayo ndiyo masharti na mimi sikuyatimiza. Ila kabla Etyang hajapokea vishikio, nilikuwa nimelirudisha fundo kwenye wino kwa vidole vyangu mwenyewe. Mkono wake unalitaka pale. Wangu hauko pale.

Nilikuwa natafuta viatu mkeo aliponifuata. Amekonda, Mama Athieno, lakini alikuwa anacheka. Akaniambia jioni moja alikukuta nyuma ya nyumba, mikono mbele, huna tiara wala uzi, unarudi kinyumenyume na kupiga mluzi, mpaka ukaangukia banda la kuku ukavunja mayai ya kulaliwa. Alipokuuliza unafanya nini, ukasema, "Yule Fundi anafanyaje?"

Mwalimu! Na mchana unaniita mpepetaji!

Nilikukasirikia njia nzima ya kurudi Busia. Nilikasirika mpaka nikaanza kucheka peke yangu kwenye foleni ya malori, dereva mmoja akaniuliza kama niko salama. Nikamwambia nina ugomvi na marehemu.

Sasa sikiliza. Nimeshona yangu. Miavuli mitatu iliyotupwa, vijiti vya hema kuukuu, nyuzi za wavuvi kutoka upande wa ziwa. Ni nyepesi kuliko yako. Kwenye kamba za kifuani sikuweka alama ya wino, na yeyote nitakayemshikisha nitamwacha alisogeze fundo mpaka apate pake. Uwanja sina, nina shamba la mama baada ya mavuno, na Mama Perepetua ameshakuja mara moja kusimama karibu, eti anatafuta mbuzi.

Nitakuombea kila Jumapili, hilo usiwe na shaka. Misa yako ya mwaka nitaiomba mwenyewe kwa padri. Na ahadi nyingine ni hii: mraba sitachora. Si kwa ajili ya kofia, si kwa ajili ya uwanja, wala kwa ajili yako ambaye nilikupenda kama kaka.

Lala salama, Mwalimu wangu. Siku tutakapokutana kwa Baba, ikiwa kule kuna uwanja, wewe kaa kwenye jiwe lako ungoje saa tisa. Ukiinua macho utaniona kwa mbali, viatu mkononi, nimeshaanza kurudi nyuma.

Wako,
Fundi